Pick up, picked up, has picked up: nyakati za vitenzi vyenye mkia kwa waongoza watalii

Siku ya kazi ya mwongoza watalii wa Moshi au Arusha imejaa vitenzi vya Kiingereza vyenye mkia: pick up, drop off, set off, check in, slow down, turn back, run out. Wengi wanavijua kwa maana yake. Tatizo huja pale tukio linapokuwa la jana, au lilianza usiku na bado linaendelea.

Anza na kanuni inayobeba zote. Neno la kwanza ndilo kitenzi, na ndilo pekee linalobadilika. Mkia (up, off, out, down) haupokei -s, -ed wala -ing. Kwa hiyo: he picks up, he is picking up, he picked up, he has picked up, he will pick up. Hakuna "pickuped" wala "he check outs". Makosa haya yana chanzo kinachoeleweka: kwenye ratiba na vocha watu wameona pickup na checkout zimeandikwa kama neno moja. Yakiwa hivyo ni majina. Yakiwa vitenzi, yanaachana: "Pickup is at 6 am", lakini "We pick up the guests at 6 am". Na hapo kumbuka, 6 am ni saa kumi na mbili asubuhi yetu. Ukimwandikia mgeni 12, atajitokeza adhuhuri.

Pili, kariri maumbo matatu ya neno la kwanza likiwa peke yake, kisha rudisha mkia. Take, took, taken hutoa take off, took off, taken off. Vivyo hivyo break, broke, broken na throw, threw, thrown. Run ina mtego: jana ni "we ran out", ila baada ya have inarudi kuwa run, "we have run out of water". Set na put hazibadiliki katika maumbo hayo matatu, kwa hiyo "we set off" peke yake haisemi kama ni desturi au ni jana. Ongeza "last night" au "usually". Kwenye tahajia, drop, set, put na run hurudia herufi ya mwisho: dropped, dropping, setting, putting, running. Pick, check na turn hazirudii.

Ukitumia did, yenyewe imeshabeba wakati uliopita, na kitenzi kinarudi katika umbo lake la mwanzo: "Did you drop off the guests?", "We didn't run out of gas". "Didn't ran out" ni kosa.

Ugumu wenyewe uko katika viambishi vyetu. "Tunaondoka saa sita usiku" kwa Kiswahili yaweza kuwa mazoea au mpango wa leo. Kiingereza kinakulazimisha uchague. Ukimweleza mgeni desturi ya kutoka kambi ya Barafu kuelekea Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, ni "We usually set off around midnight". Ukiwa Barafu jioni hiyo, ni "We are setting off at midnight".

Kiambishi -me- ni kigumu zaidi. "Gari limeharibika" ni "The car has broken down", mradi gari bado limekwama. Sisi husema bila shida "limeharibika jana", Kiingereza hakikubali. Ukitaja jana, juzi au saa fulani iliyopita, have inaondoka: "The car broke down yesterday".

Halafu kuna tangu. "Anatapika tangu saa sita usiku" watu hugeuza kuwa "He is throwing up since midnight". Sahihi ni "He has been throwing up since midnight". Mlimani hili si suala la mtihani. Anayepokea taarifa yako chini anaamua kwa maneno hayo hayo. "He threw up twice last night": usiku umepita na hesabu imefungwa. "He has thrown up three times": mpaka sasa, na huenda akaendelea. "He has been throwing up since midnight": hali haijakatika. "He had thrown up before we set off": alianza kuumwa kabla hamjaondoka kambini. Fanya mazoezi ya sentensi hizi nne kwa sauti, kisha weka pass out (kuzimia) badala ya throw up katika zile tatu zenye tukio la mara moja au la kuhesabika: passed out, has passed out, had passed out.

Kiwakilishi cha mtendwa huingia katikati, wakati wowote ule: "I will pick you up", "I picked them up", kamwe si "pick up you". Ila look after haitenganishwi: "The cook looked after us".

Barua pepe nyingi kwa wageni huishia na look forward to. To hii ni sehemu ya mkia, hivyo kitenzi kinachofuata huchukua -ing: "We look forward to seeing you", au "We are looking forward to seeing you". "To see you" ifute kabla hujatuma.