Kukausha matunda na mboga nyumbani: angalia hewa kabla ya joto

Ukungu ukiota kwenye chakula kilichokaushwa, wengi hulaumu jua. Mara nyingi kosa ni la hewa. Joto huyasukuma maji yatoke ndani ya kipande hadi juu yake, na hewa ndiyo inayoyachukua na kuondoka nayo. Hewa iliyokwisha kushiba unyevu haichukui tena kitu, hata kukiwa na joto kiasi gani. Ukifunika kikaushio cha jua kwa nailoni pande zote bila tundu, utaona matone yamejipanga upande wa ndani wa nailoni na nyanya zimeanza kunuka uchachu. Hapo unazipika kwa mvuke wake zenyewe. Kikaushio kinahitaji tundu la chini la kuingiza hewa baridi na tundu la juu la kutoa hewa ya moto, yote mawili yakizibwa kwa wavu mdogo wa kuzuia nzi.

Kosa la pili ni haraka. Chakula kikipigwa na moto mkali tangu saa ya kwanza, ngozi ya nje hukauka na kuwa ganda gumu kabla maji ya ndani hayajapata njia ya kutoka. Ukikishika unadhani kimekauka. Ndani ni kibichi, na kitaoza kikiwa ndani ya chupa. Kwa kikaushio cha umeme, nyuzijoto 52 hadi 60 za Selsiasi zinatosha kwa mboga na matunda. Majani ya viungo yanataka 35 hadi 40 tu, vinginevyo harufu yake yote itapaa. Oveni nyingi haziwezi kushuka hadi joto hilo, kwa hiyo ipime kwanza kwa kipimajoto ikiwa tupu. Ukiitumia, acha mlango wazi kidogo ili mvuke utoke.

Jua la wazi linafaa zaidi kwa matunda, kwa kuwa sukari na uchachu wake huyalinda kiasi. Linataka siku kadhaa mfululizo za nyuzijoto 30 au zaidi na hewa isiyo na unyevu mwingi. Inua trei kutoka ardhini ili hewa ipite chini yake, zifunike kwa wavu, na uziingize ndani kila jioni, maana umande wa usiku mmoja hurudisha maji uliyoyatoa mchana kutwa. Mboga za majani zikaushe kivulini penye upepo: jua kali huzipausha na kuharibu vitamini A na C. Wavu wa trei usiwe wa chuma kilichopakwa zinki. Uchachu wa matunda huimenya zinki hiyo ikaingia kwenye chakula. Tumia wavu wa plastiki salama kwa chakula au wa chuma kisichoshika kutu, kwenye fremu ya mbao.

Kabla ya trei

Chagua mazao yaliyoiva lakini bado magumu, yaoshe yakiwa mazima, kisha uyakate milimita 3 hadi 6. Unene ukilingana, trei nzima hukauka pamoja. Usipolingana, vipande vyembamba vitaungua huku vinene vikiwa bado na maji, na hivyo vinene ndivyo vitakavyoharibu chombo kizima. Panga safu moja, vipande visigusane.

Mboga nyingi zichovye kwanza kwenye maji yanayochemka ili kuua vimeng'enya vinavyoendelea kubadilisha rangi na ladha hata baada ya kukauka. Tumia takriban lita 4 za maji kwa nusu kilo ya mboga, na uanze kuhesabu maji yanapochemka tena: majani yaliyokatwa dakika moja na nusu, maharage mabichi 2, karoti 3 hadi 4. Maji yakichukua zaidi ya dakika moja kurudia kuchemka, umetia mboga nyingi mno. Zitie mara moja kwenye maji baridi, kisha zichuje vizuri. Vitunguu, vitunguu saumu, pilipili na uyoga havihitaji hatua hii.

Matunda yanayobadilika rangi, kama ndizi na tufaha, yaloweke dakika 10 kwenye maji ya limau yaliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi. Wapo wanaotumia dawa ya salfaiti, na rangi hubaki nzuri kweli, lakini inaweza kumletea mwenye pumu shambulio, kwa hiyo limau ni salama zaidi. Nyama ni habari nyingine: lazima ipashwe hadi ndani yake ifike nyuzijoto 71 kabla ya kukaushwa, kwa sababu bakteria wakikauka pamoja na nyama huvumilia joto ambalo lingewaua wakiwa kwenye majimaji.

Kujua kama kimekauka

Usipime kitu cha moto. Kipande chenye joto huonekana laini kuliko kilivyo. Toa vipande vichache sehemu mbalimbali za trei na usubiri vipoe. Mboga inapaswa kuvunjika kwa mlio. Kipande cha tunda kikate katikati, ukibinye pale ulipokata: unyevu usijitokeze. Kisha kikunje: kijikunje kama ngozi, pande mbili zisigandane.

Mzani ni shahidi mzuri kuliko vidole. Chukua kilo 3 za vipande vya nyanya zenye maji asilimia 94. Kitu kikavu ndani yake ni gramu 180 tu. Nyanya iliyokauka vizuri hubaki na unyevu wa karibu asilimia 10, kwa hiyo shehena yote inapaswa kushuka hadi karibu gramu 200. Ikikusomea gramu 350, rudisha trei.

Vipande vya matunda havikauki sawasawa hata ukijitahidi. Vikipoa, vitie kwenye chupa za kioo hadi theluthi mbili tu, ufunike, na utikise kila siku kwa siku 7 hadi 10 ili vikavu vinyonye unyevu wa vyenzake. Ukiona ukungu wa maji kwenye kioo, virudishe kukauka. Ukiona kuvu, tupa chupa nzima bila kuchambua, wala usiwape mifugo. Vilivyokaushwa juani huenda vina mayai ya wadudu. Viweke kwenye friza ya nyuzijoto 18 chini ya sifuri kwa saa 48 kabla ya kuhifadhi.

Hifadhi kwenye vyombo vidogo visivyopitisha hewa, mahali pa giza na baridi, kiasi cha mlo mmoja kila kimoja, maana kila unapofungua unaingiza unyevu. Mboga hudumu karibu nusu ya muda wa matunda.

Wakati wa kupika, loweka kikombe kimoja cha mboga kwenye vikombe viwili vya maji, kwa saa moja hadi mbili, na upikie maji hayohayo. Ukihitaji muda zaidi, weka bakuli kwenye friji. Chumvi itie mwishoni, kwa kuwa ikitangulia huzuia mboga isinywe maji, nayo hubaki ngumu hata ukiichemsha jioni nzima.