Jambo ambalo bodi nzima inalijua na hakuna anayelisema: somo kwa makocha wa viongozi

Somo hili ni la wanaowanoa viongozi wa SACCOS (vyama vya ushirika wa akiba na mikopo), shule, hospitali za misheni, au kikundi chochote cha watu wanaoamua pamoja. Nitatumia SACCOS kwa kuwa ndiko nilikofanya kazi zaidi, na huko jambo lisilosemwa huwa na sura ileile: mjumbe wa bodi amekopa, marejesho yamesimama, na kila kikao mikopo chechefu, yaani isiyorejeshwa kwa wakati, inajadiliwa kwa asilimia tu. Jina halitajwi. Kikao kikifungwa, majina yote yanatajwa nje, penye magari. Funika kombe mwanaharamu apite, na wanachama wanaosubiri mikopo yao ndio wanaoumia.

Hatua ya 1: Onana na kila mjumbe peke yake

Tenga kama dakika 45 kwa kila mmoja. Uliza: Ni jambo gani mnalizungumza nje ya kikao tu? Ukilisema kikaoni unaogopa litokee nini? Na wewe mwenyewe umesaidiaje kulifunika? Swali la tatu usiliruke. Anayelijibu kwa ukweli huwa amekwisha kuacha kujiona mtazamaji.

Kabla hajafungua kinywa, mwambie mpaka wa siri: utakachokisikia unaweza kukigusa, ila hutasema kimetoka kwa nani, na wizi haumo katika ahadi hiyo.

Mwenyekiti muone mwisho. Muulize atafanya nini jambo likitajwa mbele yake. Akishindwa kujibu, ahirisha kikao. Msimamo wangu hapo haubadiliki.

Hatua ya 2: Karatasi ya safu mbili

Zoezi hili limetokana na kazi ya Chris Argyris, aliyekuwa profesa wa Harvard. Aliona kwamba kikundi huficha jambo, kisha kinaficha pia kwamba kinaficha. Mpe kila mjumbe karatasi, aikunje katikati. Kulia aandike maneno yaliyosemwa kikao kilichopita. Kushoto aandike alichokuwa akiwaza wakati huohuo, asikiseme.

Kulia utakuta: “Tumpe meneja muda afuatilie wadaiwa.” Kushoto: “Mdaiwa mkubwa ameketi kiti cha pili kutoka kwangu.”

Karatasi hazikusanywi. Kila mtu achague mstari mmoja wa kushoto na auandike upya hadi uweze kusemwa bila kumvunjia mtu heshima. Hapa ndipo wengi hukwama, na ndipo utakapowasaidia zaidi. Waelekeze wataje tendo, wasihukumu tabia: “mkopo huu haujarejeshwa tangu Machi,” si “wewe si mwaminifu.”

Hatua ya 3: Kikao chenyewe

Kila mmoja asome mstari aliouandika upya: aanze mjumbe mdogo kwa umri au cheo, mwenyekiti amalizie. Kwetu mkubwa akishasema, mdogo hapingi, hata kama takwimu anazo mkononi.

Wewe kocha usilitaje jambo lenyewe. Mwaka wangu wa pili wa kazi hii nilikosa subira, nikalitaja mimi. Bodi ikanigeukia: nani kakwambia? Saa mbili zikaisha kwa kumsaka msemaji, deni likabaki palepale, na wajumbe wawili walioniamini wakatengwa. Hilo linaniuma hadi leo. Ukimya ukija, uache ukae. Uliza tu, “Kuna mstari wa kushoto ambao haujasomwa?” kisha nyamaza.

Hatua ya 4: Muhtasari

Nani, atafanya nini, kufikia tarehe gani. Rudi baada ya siku 30.

Maswali niliyoulizwa

*Shikamoo mwalimu. Na kama tatizo lenyewe ni mwenyekiti?*

Marahaba. Basi kazi kubwa iko kwenye mazungumzo yenu ya faragha, pengine mara tatu au nne. Msaidie alitaje mwenyewe, awe wa kwanza siku hiyo. Akikataa kabisa, usiwapeleke wajumbe kikaoni ukawaache peke yao.

*Bodi yetu ina mtu na mkwewe. Mkwe unamdaije hadharani?*

Humdai. Taja uhusiano huo mapema, na mwenye undugu atoke wakati wa uamuzi. Kama mna watani humo, mtani anaweza kufungua mlango, maana ana ruhusa ya kusema hata msibani. Ila namba zisomwe na asiye na utani wala ukwe na mdaiwa, tena kwa sauti ya kawaida.

*Ikibainika ni wizi?*

Ukocha unasimama siku hiyohiyo. Kwa Tanzania, vyama hivi viko chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013. Jambo liende kwa kamati ya usimamizi ya chama, na kwa Mrajis wa Vyama vya Ushirika. Msaidie aliyeligundua aandike barua yake, akaipeleke kwa mkono na abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.