Kabla ya kuagiza lori la kokoto: barabara ya kuingia nyumbani

Wengi wanaojenga Ruai, Kamulu au Kitengela huanza barabara ya kuingia kwao kwa kumpigia simu mwenye lori. Kokoto zinamwagwa, vijana wawili wanazisambaza kwa koleo, na ploti inapendeza. Mvua za masika zikifika Aprili, magurudumu yanazamisha kokoto zile kwenye tope na mwenye nyumba anaagiza lori jingine. Anaweza kuendelea hivyo miaka mingi, maana tatizo liko chini ya kokoto na kando yake.

Kwanza yajue maji. Mvua ikiwa imekolea, chukua mwavuli, utembee kutoka getini hadi mlangoni uone yanakotoka, yanakotuama na yanakotaka kwenda. Piga vigingi hapo hapo, kwa sababu jua likiwaka utasahau. Usisahau paa lako mwenyewe. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, kwa hiyo paa la mita za mraba 100 likipata milimita 50 alasiri moja, linashusha lita 5,000. Kama mifereji ya paa inamwaga yote hayo kwenye njia ya gari, hakuna kokoto itakayobaki mahali pake. Yapeleke kwenye tangi, na yanayofurika yawe na mtaro wake.

Njia yenyewe iwe na mgongo: katikati juu, kando chini, ishuke sentimita 4 kwa kila mita kutoka katikati kwenda kando. Njia ya upana wa mita 3.5 itakuwa na mgongo wa sentimita 7, kimo ambacho macho hayakitambui lakini maji yanakitambua. Mitaro ya kando nayo iwe na mwisho, na mwisho huo usiwe ukuta wa jirani. Zungumza naye mapema, kabla maji hayajamwambia.

Getini ndipo watu huharibu zaidi. Mtaro wa barabara ya umma si wako, hata kama unapita mbele ya geti lako; uko chini ya mamlaka ya barabara hiyo, kama vile KURA mijini au KeRRA mashambani, na ruhusa ya kuuvuka inaombwa huko. Kuujaza mawe ili gari lipite ni kuhamishia mafuriko kwa wengine. Weka kalvati, lile bomba pana la kupitisha maji chini ya njia, na usibane matumizi kwenye kipenyo. La sentimita 60 linaweza kusafishwa kwa mkono na reki. Bomba jembamba huziba upesi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, lakini chupa bado zinaogelea.

Halafu udongo. Ukiwa upande wa Kikuyu, Kiambu au Runda, wenye udongo mwekundu, kazi yako ni nyepesi. Upande wa mashariki na kusini mwa Nairobi kumetawaliwa na udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba ukilowa na kupasuka nyufa ukikauka. Januari huwa mgumu kiasi cha kudunda sururu, na hapo ndipo unapomdanganya mtu. Chimba mashimo matatu au manne kwenye mstari wa njia uone weusi unaishia wapi. Ukifika mwamba au maramu (udongo wa changarawe) kwa sentimita 40, uondoe weusi wote. Weusi ukienda chini kuliko uwezo wa mfuko wako, ondoa sentimita 30 hivi, kisha utandike kile kitambaa kizito kinachopitisha maji na kuzuia tope lisipande, jiotekstaili. Karatasi ya nailoni si badala yake. Hiyo hufungia maji chini.

Juu yake huja mawe makubwa ya hadikoo, kama sentimita 20, kisha maramu sentimita 15, na kokoto sentimita 5 hadi 7 mwishoni. Kila tabaka lishindiliwe peke yake likiwa na unyevu kidogo. Maramu makavu hayashiki hata rola ikipita mara ngapi, kwa hiyo ukifanya kazi kiangazi panga na bauza, lori la kubeba maji. Chagua kokoto zilizovunjwa zenye kona, zikiwa na vumbi lake la machimbo. Zile za mviringo za mtoni ni nzuri machoni, lakini hazishikani na zitakuwa zikikimbilia kwenye maua.

Hesabu kabla ya kupiga simu. Njia ya mita 40 kwa 3.5, maramu ya sentimita 15, ni mita za ujazo 21 baada ya kushindiliwa. Ongeza karibu theluthi, maana hushuka: agiza 28. Lori likifika, pima bodi lake kwa futi kamba, urefu mara upana mara kimo cha mzigo, kabla halijamwaga. Neno "tani" kwa mwenye lori lina maana nyingi.

Geti linalofunguka kwa ndani litagota ikiwa njia itapanda kuliko ilivyokuwa, basi lipime sasa. Bomba la maji na waya wa umeme vipitishwe chini kabla ya hadikoo. Fikiria pia lori la kunyonya choo, ambalo ni zito kuliko gari lako na litahitaji kona pana. Mahali penye mteremko mkali kokoto huteremka na gari; pale weka matofali ya kabro au zege.

Kama mjengo bado unaendelea, ishia kwenye hadikoo na maramu. Malori ya mawe na saruji yatakushindilia bure na kukuonyesha panapodidimia, upajaze kabla ya kokoto.

Chimba Januari na Februari au Julai hadi Septemba, si katikati ya masika. Na mnapopatana na kontrakta, mwandikiane kwamba sehemu ya malipo itabaki hadi mvua kubwa ya kwanza ipite, mtembee naye njia nzima mkitafuta madimbwi.