Namna ya kusema neno la heri mezani, mshikaji akipata jambo

Mimi ni mshereheshaji. Wikiendi nyingi unanikuta kwenye kumbi za Sinza na Mwenge, maiki mkononi. Ila wengi wananiuliza kuhusu Ijumaa jioni: rafiki kapata kazi, mmekaa sita kwenye viti vya plastiki, mtu anakugusa kiwiko, "Hebu sema neno."

Hatua ya 1. Angalia mikono. Kila mtu awe na cha kunyanyua. Huyu ana bia, yule Stoney, mwingine maji. Usimlazimishe mtu "onja hata kidogo". Soda inagongwa vilevile.

Hatua ya 2. Simama, sema "Jamani, dakika moja," kisha nyamaza mpaka watulie. Usigongegonge chupa, mhudumu atadhani unamwita.

Hatua ya 3. Taja jambo moja ulilomwona akilifanya kwa macho yako. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. "Ni mtu wa watu, mcheshi, ana upendo" — hayo hata msibani yanasemwa. Jaribu hivi:

"Juma, miezi minane umepanda mwendokasi ya alfajiri pale Kimara, bahasha ya kaki kwapani, hiyo hiyo moja mpaka pembe zikachakaa. Leo bahasha ipumzike. Kazi ikupende kama ulivyoitafuta."

Hiyo ni nusu dakika tu, na Juma ataangalia chini. Ukiona hivyo, umepatia.

Hatua ya 4. Mwombee anachokitaka yeye. Hili nilijifunza kwa aibu. Miaka ya nyuma niliwanyanyulia glasi wanandoa fulani nikasema, "Mwakani tukutane hapa kwenye arobaini ya mtoto!" Meza ikapoa. Bibie akanyanyuka kama anakwenda kunawa mikono, hakurudi kwa muda mrefu. Walikuwa wamehangaika na jambo hilo miaka, na mimi sikuuliza mtu. Siku hizi kabla ya kusimama namnong'oneza aliye karibu nao: kuna la kukwepa?

Ukikosa la kuomba, maneno ya kila siku yapo na hayajawahi kumwangusha mtu. Aliyejifungua, "Hongera, Mungu amkuze." Anayesafiri, "Mungu akutangulie." Anayefungua duka au kibanda, "Biashara njema, Mungu akufungulie riziki."

Hatua ya 5. Funga kwa neno la kuitikiwa. "Maisha marefu!" wanaitikia "Marefu!" Meza yenye Waislamu na Wakristo, sema "Mungu akujaalie," wote watasema "Amina" bila kuangaliana. Gonga kwanza na mwenye shughuli, mtazame usoni, ndipo uzunguke kwa wengine.

Piga funda moja, ukae. Usianze tena na "halafu nilisahau kusema..." Mishikaki inapoa.