Namna ya kuandaa magitaa na amplifaya zako kabla ya kuzionyesha

Picha ya mkusanyiko wa magitaa ni rahisi kupiga. Unayapanga ukutani, unawasha amplifaya ile taa nyekundu ionekane, unabonyeza simu, basi. Ndiyo maana nyingi zinafanana, na mtu anayevijua vyombo anazitazama sekunde moja na kupita. Yeye anataka kujua hicho ni chombo gani hasa na kama kinalia. Mwongozo huu ni kwa ajili yako unayepiga kwa kujifurahisha, una magitaa mawili matatu na amplifaya moja au zaidi, na ungependa wenzako wakiviona wakae wakiuliza maswali. Mimi ni fundi wa magitaa, Dar es Salaam. Ninayoeleza hapa ndiyo ninayofanya kila chombo kinapoletwa mezani kwangu.

Andaa fulana kuukuu ya pamba, brashi laini ya rangi, bisibisi, tochi, seti mpya za nyuzi, spreyi ya kusafishia vifaa vya umeme na daftari. Daftari usilisahau.

Hatua ya 1: Toa vyote, vilaze

Laza kila gitaa kitandani au mezani juu ya taulo. Usiliegemeze ukutani hata kwa dakika mbili, hasa kama ni Les Paul ya kampuni ya Gibson au ndugu zake. Kichwa cha gitaa la Gibson kimeinama kwenda nyuma na shingo yake kwa kawaida ni mahogany, kwa hiyo likianguka chali pigo lote huishia nyuma ya kichwa, na hapo ndipo linapokatika. Lehemu haitakusaidia, ni kazi ya gundi na vibano, na bei ya gitaa inakuwa imeshashuka.

Kama una stendi yenye mpira, kagua gitaa lako limepakwa rangi gani. Vanishi ya zamani ya nitroselulosi huyeyushwa taratibu na baadhi ya mipira na plastiki, ukabaki na alama isiyofutika. Zungushia kitambaa cha pamba kwenye mikono ya stendi.

Hatua ya 2: Soma chombo chako

Hapa chukua muda. Anza na namba ya utambulisho. Kwenye magitaa mengi ya kampuni ya Fender ya Marekani yaliyotengenezwa kuanzia mwishoni mwa 1976, namba inaanza na herufi: S ni miaka ya 1970, E ni ya 1980, N ni ya 1990, na tarakimu inayofuata inadokeza mwaka. Nasema inadokeza, kwa sababu kiwandani walikuwa wakitumia stika za zamani hadi ziishe, hivyo E4 unaweza kuikuta kwenye gitaa la baada ya 1984. Zilizotengenezwa Mexico hutangulia na M: MN7 ni 1997.

Gibson nyingi zina tarakimu nane nyuma ya kichwa, utaratibu ulioanza 1977. Tarakimu ya kwanza na ya tano zinaunda mwaka, na tatu za katikati yake ni siku ya mwaka. Tuseme imeandikwa 82765501. Mwaka ni 85, siku ni ya 276, yaani gitaa lilipigwa mhuri tarehe 3 Oktoba 1985.

Usiishie kwenye namba. Shingo ya Fender imefungwa kwa skrubu, kwa hiyo namba iliyo kichwani inazungumzia shingo tu. Tumbo linaweza kuwa limetoka kwenye gitaa jingine kabisa. Kama hujawahi kulifungua, legeza nyuzi, fungua bamba la plastiki la mbele na umulike tochi chini ya vitufe vya voliumu na toni. Kwenye mgongo wa voliumu nyingi za Kimarekani, yaani kile kifaa cha chuma kilicho chini ya kitufe, kuna msururu wa namba. Ukikuta 1376633, soma hivi: 137 ni kampuni ya CTS iliyotengeneza voliumu hiyo, 66 ni mwaka 1966, 33 ni wiki ya thelathini na tatu. Gitaa haliwezi kuwa na umri mkubwa kuliko voliumu zake, isipokuwa kama zilibadilishwa. Na hilo la kubadilishwa utaligundua kwenye lehemu: ya kiwandani imekaa kwa utulivu na imefifia, ya mtaani ina matone na inang'aa.

Spika za amplifaya nazo zina namba za aina hiyo hiyo kwenye fremu: 220 ni kampuni ya Jensen, 465 ni Oxford, 67 ni Eminence. Tarakimu zinazofuata ni mwaka na wiki.

Kuhusu bandia: tazama kile kibamba kidogo cha plastiki kichwani kinachofunika chuma cha kunyooshea shingo. Cha Gibson hushikwa na skrubu mbili. Magitaa mengi ya kuiga yana tatu. Ukigundua lako ni la kuiga usione haya, maana yapo ya kuiga yanayolia vizuri. Liite tu kwa jina lake.

Kila unachokiona, andika kwenye daftari.

Hatua ya 3: Safisha, lakini kwa kiasi

Sisi wa pwani adui yetu ni chumvi na unyevu. Utaona ukungu mweupe kwenye ngozi ya sanduku na kutu ya rangi ya chai kwenye skrubu za pikapu, vile vifaa vya chini ya nyuzi vinavyonasa sauti. Ondoa nyuzi zote, fagia vumbi kwa brashi, kisha pangusa kwa fulana yenye unyevu kidogo na umalizie na kavu.

Ubao wa vidole wa rosewood unapenda tone la mafuta ya limau: pakaza, subiri dakika chache, futa yote. Wa maple uliopakwa vanishi haunywi mafuta, usihangaike nao. Na hapa niseme jambo moja kwa wenzangu: mpingo wetu ni wa ukoo mmoja na rosewood, wote ni jenasi ya Dalbergia. Ndiyo maana sheria za CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, zilipobana rosewood mwaka 2017, mpingo nao uliingia, hadi vyombo vya muziki vilivyokamilika vilipolegezewa mwaka 2019. Ukiona ubao wa vidole wa mpingo, piga picha yake ya karibu; wenzetu wa nje watauliza.

Polishi ya gari weka mbali. Nyingi zina silikoni, na siku gitaa likihitaji kupakwa rangi upya, rangi haitashika. Vyuma vya gitaa kuukuu usivisugue hadi ving'ae kama sahani za harusi. Weusi ule wa miaka ndio anaoulipia mnunuzi anayejua.

Hatua ya 4: Nyuzi mpya

Gitaa la umeme lipe nyuzi za nikeli au chuma, kwa sababu pikapu ni sumaku. Zile za shaba ni za gitaa kavu. Zivute kwa mkono, tyuni, rudia mpaka zitulie.

Hatua ya 5: Amplifaya

Kabla ya kuchomeka chochote, geuza amplifaya usome mgongo wake. Imeandikwa 100V ni ya Japani. 120V, au 117V kwa za zamani, ni ya Marekani. Umeme wetu Tanzania ni 230V, Kenya 240V. Ukichomeka ya Japani moja kwa moja utasikia mlio mmoja, kisha harufu, kisha fyuzi au transfoma imekwenda. Nunua transfoma ya kushusha umeme yenye wati nyingi kuliko zilizoandikwa kwenye amplifaya, tena kwa mbali, kwani wati za kwenye vibandiko vya transfoma za bei nafuu huwa zimetiwa chumvi.

Amplifaya kuukuu ya Marekani yenye plagi ya pini mbili haina ethi. Ndiyo ile inayokupiga shoti ya midomo ukigusa maikrofoni huku umeshika nyuzi. Mpelekee fundi aweke waya wa pini tatu. Thamani inayopungua kwa kubadilisha waya ni ndogo sana, na sitabishana na mtu juu ya hili.

Kama ni ya valvu, zile taa za kioo zinazokuza sauti, sheria ni mbili. Usiiwashe bila spika, maana transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua. Na usiifungue kwa udadisi: ndani kuna volti 400 au zaidi, na kapasita huzihifadhi hata baada ya kuchomoa plagi. Ohm (kipimo cha ukinzani wa umeme) za kabineti, yaani sanduku la spika, zilingane na za tundu unalochomeka, 8 kwa 8, 16 kwa 16.

Sasa washa, subiri dakika moja, fungua voliumu bila gitaa. Mvumo mdogo ni kawaida. Mvumo mzito usiobadilika hata ukizungusha voliumu, mara nyingi ni kapasita zilizochoka. Kitufe kikikwaruza, zima, chomoa, puliza spreyi kidogo kwenye voliumu husika kama unaifikia bila kufungua chasi, uizungushe mara nyingi, uiache ikauke. Spreyi iwe ya vifaa vya umeme, si ile ya kulegeza boliti zenye kutu.

Wenye Roland JC-120, iliyotoka 1975, mna raha yenu: haina valvu, na kwa solo la rumba sijaona amplifaya inayokaa safi kama hiyo.

Hatua ya 6: Piga picha

Piga asubuhi, karibu na dirisha lenye pazia jepesi, bila flashi. Shuka kuukuu la rangi moja linatosha kuwa mandharinyuma. Rudi nyuma hatua kadhaa na utumie zoom ya mara mbili. Ukisogea karibu, lenzi ya simu inalifanya tumbo kuwa pipa na kichwa kuwa cha kuku. Piga moja ya wote pamoja, kisha kila kimoja mbele, nyuma, kichwani, na kila jeraha. Jeraha lililofichwa huonekana baadaye, na hapo watu huanza kutilia shaka hata yale uliyosema kweli.

Hatua ya 7: Andika maelezo

Sasa fungua daftari lako. Mfano: "Stratocaster ya Mexico, MN7, 1997. Pikapu ya katikati si yake. Ufa wa vanishi karibu na shingo, haujafika kwenye mbao. Amplifaya ya Fender Twin Reverb ya 120V, inatumia transfoma, spika ya kulia ilibadilishwa, waya wa pini tatu umewekwa." Mistari minne kama hiyo inatosha kuanzisha mazungumzo ya jioni nzima.

Funika tarakimu tatu za mwisho za namba ya utambulisho, kwa sababu wapo wanaochukua picha za watu na kuuzia magitaa wasiyokuwa nayo. Zima pia utambuzi wa mahali kwenye kamera ya simu. Namba kamili zihifadhi pembeni pamoja na picha zako. Likiibwa, ndizo utakazopeleka polisi.