Kamba ya nyuzi za porini: viungo visikutane

Kamba zangu za nyuzi za gome zilikuwa zikikatika palepale nilipounga, hadi nilipoacha kukunja fungu la nyuzi katikati. Likunje kwenye theluthi, mkono mmoja (yaani upande mmoja wa fungu lililokunjwa) uwe mrefu mara mbili ya mwingine. Hapo mfupi utaisha kwanza, utauunga huku mwenzake bado mzima, na viungo viwili havitaangukia mahali pamoja. Mkono ukianza kukonda (usingoje uishe) laza nyuzi mpya sambamba nao, ziingie nyuma kama upana wa vidole vinne, ncha yake umeichambua ikawa nyembamba. Kisha endelea kama kawaida: sokota mkono kwenda mbele, uvushe juu ya mwenzake kuja kwako. Misokoto hiyo miwili inapingana, ndiyo inayobana kiungo. Ukipiga fundo unaongeza kinundu tu. Nyuzi ziwe na unyevu, zisiwe chepechepe, maana zilizovimba kwa maji husinyaa zikikauka, kamba ikalegea na kiungo kikachomoka. Nyuzi fupi kuliko kiganja hazishiki vizuri, wala za majani ambayo hujaparua nyama yake yote yenye utelezi.