Kunyoosha usukani wa gari la rimoti bila kuunguza servo

Gari likivuta upande, wengi hukimbilia kitufe cha trimu, kile cha kwenye rimoti kinachosogeza kidogo katikati ya usukani. Anza na servo yenyewe, yaani mota ndogo inayogeuza magurudumu ya mbele. Inua gari magurudumu yasiguse chini, washa rimoti kwanza kisha gari, na urudishe trimu kwenye sifuri. Fungua skrubu ya mkono wa servo, uuchomoe, uurudishe kwenye jino la mhimili wa servo linaloufanya ukaribie nyuzi 90 na fimbo ya usukani. Tofauti ndogo inayobaki ndiyo kazi ya trimu. Ukilazimisha trimu ibebe kosa lote, gari litakata kona vizuri upande mmoja na kwa uvivu upande wa pili.

Sasa mipaka ya mwisho, yaani servo igeuke hadi wapi kila upande, ambayo kwenye rimoti nyingi huandikwa EPA. Weka D/R (kiasi cha usukani kugeuka kwa pande zote mbili pamoja) asilimia 100, zungusha usukani wote kushoto na usikilize. Servo ikiendelea kunguruma, inasukuma chuma kilichokwisha kugota: inavuta umeme mwingi, inapata moto, na mwishowe meno yake hukatika au mota huungua. Punguza EPA ya kushoto kidogo kidogo hadi mngurumo uishe. Kulia pima peke yake, kwani namba mbili hizi mara nyingi hazilingani.

D/R iache kwa ajili ya barabarani. Gari likiserereka kwenye mwendo mkali, ishushe hadi 70 hivi. Likienda sawa taratibu lakini linavuta ukikanyaga mafuta, usiguse trimu, kagua matairi na springi.